Ndoo Tatu za Mama Clorinda

“Sita tena?” Mama Clorinda aliuliza.

Eleodoro Carvajal alimimina ndoo ya sita kwenye pipa la jikoni mwa bibi yule, akaikung’uta mpaka tone la mwisho, kama mtu mwaminifu.

“Sita, mama.”

“Manispaa hawajarudisha zile tatu?”

“Bado. Wamepunguza kwa kila mtu. Wanasema lori moja limekufa injini.”

“Na nyinyi watu watatu mnafanyaje?”

“Tunabanana hivyo hivyo.”

“Poleni, mwanangu.” Aliushika ukingo wa meza, akajivuta taratibu mpaka kwenye jiko. Nyonga ilikuwa imemshinda tangu majira ya baridi ya mwaka juzi, na macho yalibaki ya kutofautisha mchana na usiku tu. “Kaa basi. Maji yamechemka.”

Eleodoro alitaka kukataa. Lakini huku kwetu huwezi kuikataa chai ya boldo, mti wa milima yetu, kwa mtu anayekuzidi umri, ataona umemdharau. Akakaa. Mama Clorinda alitia majani mawili katika kila kikombe, akamimina kwa kuongozwa na kidole. Cha mgeni alikijaza. Chake alikikomesha katikati.

Eleodoro aliyanywa yale maji, akashukuru mara mbili. Alipotoka akaziokota ndoo zake mbili, akateremka mlima haraka kama mtu aliyeitwa.

Lori la maji lilikuja Jumanne na Ijumaa. Kila mtu ana lita hamsini zake kwa siku, si zaidi. Lori haliwezi kupanda njia ya kwa Mama Clorinda, kwa hiyo fungu lake lilimwagwa kwenye tangi dogo jeusi uani kwa akina Carvajal, na Eleodoro ndiye aliyelipandisha. Ndoo tisa kila siku ya lori. Hakuna aliyemlazimisha. Alisimama mwenyewe mkutanoni, akasema, “Huyu ni mama wa ubatizo wa mke wangu. Maji yake niachieni mimi.” Watu wakampigia makofi.

*

Miboldo ilikuwa kumi na miwili, mistari mitatu mbele ya nyumba ya Eleodoro. Nyuma ya nyumba vilibaki visiki vya miparachichi, vimepakwa chokaa. Sote tulipaka chokaa mwaka ule mto ulipoacha kupita, tukidhani vitachipua.

Kampuni moja ya majani ya chai ilikuwa imegawa miche ya boldo kwa bustani saba za kijiji chetu, Higuerilla. Katikati ya kiangazi cha pili wangekuja kukagua, na bustani moja, iliyo bora, ingefanywa kitalu cha kuzalisha miche ya bonde zima. Mwenye bustani angekuwa mtunzaji wake, kwa mshahara wa mwezi. Tangu miparachichi ife, mshahara pekee nyumbani kwa Carvajal ulikuwa wa binti yake Yasna, aliyefungasha matunda kwenye shamba kubwa la kilimani wakati wa msimu. Eleodoro alikuwa na miaka hamsini na minane na alikuwa akimwomba binti yake hela ya sigara.

Masharti yalisomwa kwa sauti mkutanoni. Mwaka wa kwanza, kila mche lita mbili kila baada ya wiki mbili. Mwaka wa pili, hata tone. “Boldo ni mtu wa hapa,” alisema mtaalamu, msichana mmoja aitwaye Maribel Quilodrán. “Kiangazi cha hapa anakijua kuliko sisi. Mwacheni.” Kisha mwenyekiti wa kamati ya maji, Griselda Ibacache, akakumbusha jambo ambalo kila mtu alilijua: nyumba itakayomwagilia mimea kwa maji ya lori, isipokuwa yaliyokwisha kuoshea vyombo, inafutwa kwenye orodha ya maji.

Eleodoro alicheka pale pale. “Nimelea miti miaka thelathini, leo nifundishwe kulea kichaka cha mbuzi? Mtakuja kuuliza kwangu.”

Mkutano mzima ukacheka naye. Kicheko kile ndicho kilichokuja kumfunga mikono, asiweze kuuliza mtu.

Kwa sababu mwishoni mwa Desemba ya mwaka wa pili majani ya miboldo yalianza kujikunja. Yalipoteza mng’ao, yakawa kama vumbi. Eleodoro alikuwa mtu wa maparachichi. Mparachichi ukikunja majani unaomba maji, na usipoupa unakufa mbele ya macho yako; alikwisha kuona mia mbili ikifa hivyo. Alipita barabarani akaitupia jicho bustani ya Baudilio Ponce, jirani yake. Ya Baudilio nayo ilikuwa imejikunja. Badala ya kujiuliza, alijisemea: ya kwake inakufa, yangu itapona.

Alianza na maji yake mwenyewe ya kuoga. Hayakutosha. Jumanne moja akapandisha ndoo sita, na tatu zikabaki.

Ni wiki moja tu, alijiambia. Nikipata ule mshahara nitamnunulia mama pampu. Nitamwekea bomba mpaka jikoni. Nitamjengea bafu. Moyoni mwake alimpa yule bibi vitu vingi hata ndoo tatu zikaonekana mkopo mdogo.

Alimwagilia saa nane mchana, joto linapolaza kijiji chote na hata mbwa hawabweki. Alitembea kwa magoti kati ya mistari na kopo la maziwa, akinywesha shina moja baada ya jingine. Wiki ya kwanza majani yalifunguka, naye akafurahi kama mtoto. Wiki ya tatu yakaanza kunyong’onyea, kisha yakawa manjano pembeni.

Bado kiu, alisema. Akaendelea na ndoo tatu, akaongezea na maji yake ya kuoga.

*

“Baba, unanuka,” Yasna alisema mezani. “Samahani, lakini unanuka kama mbuzi dume.”

“Yasna!” mama yake akamkemea.

“Si nasema ukweli? Kila mtu ana lita zake hapa. Zake anazipeleka wapi?”

“Nabana kwa ajili yenu,” Eleodoro alisema.

“Mimi sijaomba kubaniwa. Nimeomba kula maharage yangu bila kushika pua.”

Tencha, mkewe, alicheka kidogo. Alikuwa akiuchambua mkate bila kuula. “Mama Clorinda amenirudisha tena,” alisema. “Jumapili ya tatu hii. Nimefika na kitana na sabuni, naye anasemea mlangoni: ‘Nenda mwanangu, nina mafua.’ Mafua gani ya Januari? Tangu nikiwa msichana ninamwosha nywele kila Jumapili. Sijui nimemkosea nini.”

“Wazee wana mambo yao,” Eleodoro alisema, akiangalia sahani.

“Wewe unamwona kila siku ya lori. Amekwambia kitu?”

“Hajaniambia.”

“Mwulize basi. Mwambie kama nimemkosea aniambie nikampigie magoti.”

“Nitamwuliza.”

Tencha alimtazama kwa shukrani. Eleodoro akaomba chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yake.

*

Jumapili iliyofuata Griselda Ibacache alipanda mwenyewe. Ni yeye anayewapelekea wagonjwa komunyo padre asipofika. Alibisha, akasikia fimbo ikiburuzwa sakafuni, lakini mlango haukufunguliwa.

“Iache dirishani, Griselda.”

“Mwili wa Bwana niuache dirishani? Fungua, mama.”

“Sifai kuonekana.”

“Umevaa gauni la kulalia? Nimekwisha kukuona na mabaya zaidi.”

“Ninanuka,” Mama Clorinda alisema kwa sauti ndogo. “Tangu watupunguzie maji ninachagua, kupika au kuoga. Kichwa kinaniwasha mpaka silali. Hata Tencha namfukuza. Atakuta nywele zimegandamana, halafu atalia, unamjua alivyo.”

Griselda alibaki na mkono juu ya kitasa.

“Nani amekupunguzia, mama?”

“Manispaa. Si wamepunguza kwa wote? Ndoo tatu.”

Griselda ndiye anayesaini karatasi ya lori. Hakuna lita iliyopunguzwa. Alitaka kusema, akajizuia. Huenda tangi jeusi linavuja. Huenda bibi amechanganya hesabu. Miaka themanini na moja si mchezo. Alimshawishi afungue kidogo tu, kwa upana wa mkono, akampa komunyo bila kumtazama, kisha akateremka akifikiri. Alhamisi ulikuwa ukaguzi. Angefika kwa Eleodoro hata hivyo.

*

Siku ya ukaguzi watu walimfuata Maribel bustani hadi bustani kama wanaofuata sanamu ya mtakatifu. Walianza kwa Baudilio Ponce. Miti yake ilikuwa mifupi, majani yamejikunja kama sigara, rangi ya majivu.

“Usiniangalie hivyo, bibie,” Baudilio alisema. “Mwenyewe nimewaambia wanangu kuni zimekaribia.”

Maribel alivunja kijiti kimoja, akakikwangua kwa kucha. Ndani kilikuwa kibichi.

“Mzima huu. Umelala tu. Mvua ya Mei ikija utaamka.”

“Umelala?” Baudilio alisema. “Basi umeiga tabia yangu.”

Watu wakacheka. Eleodoro hakucheka. Aligeuka akatazama upande wa bustani yake. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Tencha alilipiga pasi tangu alfajiri, na uani alikuwa ametandika kitambaa mezani na kupanga mikate ya moto na jibini la mbuzi kwa wageni.

Walipofika kwake watu walijipanga kando ya uzio. Miboldo kumi na miwili ilikuwa imesimama na majani ya kahawia, mengine yameanguka. Maribel hakuvunja kijiti. Alipiga magoti, akabonyeza udongo kwa kidole. Kidole kikazama.

Alifukua kwa koleo dogo. Chini ya vumbi la juu kulikuwa na tope. Kweli, tope jeusi linalong’aa, na watu wakasogea kuliona. Kuna watoto Higuerilla waliokuwa hawajawahi kuona tope kiangazi.

“Eeh, Eleodoro!” Baudilio akasema. “Kumbe mto umehamia kwako na hutuambii?”

Wachache walicheka. Maribel aliuvuta mche mmoja, ukatoka bila kushikilia kitu. Mizizi ilikuwa myeusi, na alipoipitisha vidoleni ganda lilichomoka kama soksi mbichi. Harufu ikapanda.

Eleodoro aliijua harufu ile kabla haijamfikia puani. Ni ugonjwa wa miparachichi iliyozamishwa. Miaka ya neema alikuwa akizunguka kwenye mashamba ya watu akiwahubiria: usijaze maji, udongo huu ni mfinyanzi, shimo ni bakuli, mti uliozama unanyauka sawasawa na mti wenye kiu, mjinga anauongezea maji. Baudilio mwenyewe alifundishwa hivyo naye, akaitwa mjinga kwa jina.

“Mti huu haukufa kwa kiu,” Maribel alisema. “Samahani, mzee. Umezamishwa.”

“Ni maji ya vyombo!” Tencha alitoka mlangoni na aproni yake. “Maji ya vyombo yanaruhusiwa. Mimi mwenyewe nampa kila siku, beseni moja. Yasna, sema, si tunampa?”

“Tunampa,” Yasna alisema, akimtazama baba yake.

“Mama, beseni moja halifanyi hivi,” Maribel alisema kwa upole.

“Basi ni maji yake ya kuoga! Haogi huyu. Mwulizeni binti, mnusheni wenyewe, haogi mwezi mzima, yote anawapa hawa—” Tencha alikuwa akimtetea kwa nguvu zake zote, mbele ya majirani wote, na kila neno lilimvua mumewe nguo moja.

“Tencha, mwanangu, nyamaza kidogo,” Griselda alisema. Akamgeukia Eleodoro. Hakupaza sauti. “Juzi Jumanne ulipandisha ndoo ngapi kwa Mama Clorinda?”

“Tisa.”

“Niende nikamwulize?”

Eleodoro aliwatazama watu wakiwa wameshika uzio wake. Wengi wao ndio waliompigia makofi.

“Sita,” alisema.

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo wa mwezi.”

Baudilio, mtu asiyekosa neno, aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Maribel alisimama, mikono imejaa tope mpaka kwenye vifundo. “Naomba maji ninaw—” alianza, kwa mazoea, kisha akaishia hapo. Akajifuta kwenye suruali.

Tencha alikuwa akihesabu Jumapili kwa vidole. Alipomaliza alivua aproni, akaiweka juu ya mikate, akaingia ndani. Alitoka na kitana, sabuni na ndoo mbili za maji kutoka pipa la nyumba yake. Alipita katikati ya watu, wakampisha, akaanza kupanda mlima. Maji yalimmwagikia miguuni naye hakusimama.

*

Alirudi jua likizama. Eleodoro alikuwa ameketi jikoni na shati lile lile.

“Nimebadilisha maji mara tatu,” Tencha alisema. “Ilibidi nikate kipande cha nyuma kwa mkasi, kilikataa kitana.”

“Tencha...”

“Uliniambia utamwuliza kama nimemkosea.”

“Nisikilize.”

“Ulikaa hapo. Kwenye kiti hicho hicho. Ukaomba chumvi.”

“Nilitaka tupate ule mshahara. Nimechoka kumwomba Yasna hela.”

“Ungeniomba mimi maji,” alisema. “Ungesema, Tencha, miti inakufa, nipe maji yako. Ningekupa, mjinga mimi. Ningenuka na wewe. Lakini hukuja kwangu kwa sababu mimi ningeuliza. Ulikwenda kwa asiyeona.”

Yasna, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, “Kamati imekaa. Hatufutwi. Bibi Griselda amesema hawezi kutuadhibu mimi na mama. Kitalu wamempa Baudilio.”

Eleodoro alitikisa kichwa kukubali. “Na maji ya mama?”

“Nilimwambia tutampandishia sisi wawili,” Tencha alisema. “Amekataa.”

“Anataka nani?”

“Wewe.”

*

Ijumaa lori lilikuja saa tatu asubuhi. Eleodoro alijaza ndoo zake mbili, akapanda. Njiani alikuwa akipanga maneno, na maneno yalikuwa mazuri. Mama Clorinda alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya mlango, nywele fupi, nyeupe, safi, fimbo magotini.

“Mama, nimekuja kukuomba radhi. Nimekutendea—”

“Mimina.”

“Naomba unisikilize tu—”

“Nimekusikia. Mimina.”

Aliingia jikoni, akamimina.

“Moja!” Mama Clorinda alisema, si kwa hasira, kwa sauti tu ya mtu anayemwita mwenzake ng’ambo ya korongo. Sauti ile ilishuka mlima, ikapiga upande wa pili, ikarudi. Chini, mtu aliyekuwa akianika nguo aligeuza kichwa.

“Mbili!”

Alishuka, akapanda. “Tatu! Nne!” Kule barabarani lori lilikuwa bado likigawa, na watu walikuwa kwenye foleni na mapipa yao, wote wakisikia. “Tano! Sita!” Baada ya sita foleni iliacha kusogea, kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa akisubiri saba.

“Saba! Nane!”

Safari ya mwisho ilibaki ndoo moja. Eleodoro alijaza mbili. Ile ya pili aliichota kwenye pipa la nyumba, katika lita zake mwenyewe, akapanda akiwa na mizani pande zote mbili.

“Tisa!”

Akaiinua ya kumi. Mama Clorinda alisikia mkono wa ndoo ukilia.

“Hiyo ni nini?”

“Ni yangu, mama. Katika zangu. Nimesema kila siku ya lori nitakuletea moja zaidi, mpaka nitakapozilipa zote.”

“Mimi nina tisa.”

“Najua, lakini—”

“Tisa ndizo zangu. Hiyo ichukue.”

“Mama, nakuomba. Ipokee tu.”

“Nikiipokea utalala usingizi,” alisema. “Chukua ndoo yako, Eleodoro. Na Jumanne usichelewe.”

Alisimama kidogo, kisha akatoka. Kuimwaga hakuweza, kwetu mtu hamwagi maji, hata akiwa amekasirika vipi. Kuinywa yote hakuweza. Hapakuwa na la kufanya ila kurudi nayo. Na njia ile ya mawe huwa ya watu wanaopanda na maji na kushuka na ndoo tupu, tangu tuanze kuletewa maji na lori. Alishuka polepole, mkono wa kulia umelemewa, wa kushoto umenyooshwa kando na ile ndoo tupu kwa kujiegemeza hewani, akiangalia maji yasimwagike, na foleni nzima ilikuwa ikimwangalia.

Griselda alikuwa mbele ya foleni, na karatasi yake mkononi. Alitazama ile ndoo iliyojaa, akamtazama usoni.

“Imebaki?” aliuliza.

“Hapana,” Eleodoro alisema. “Ameikataa.”

Alisubiri amwambie neno lolote. Griselda alirudisha macho kwenye karatasi, akaita jina lililofuata, na Baudilio akasogea kando, na pipa lake, kumpisha Eleodoro apite na ndoo yake.